Barua ya sabuni iliyoandikwa mara tatu: kisa cha mwanafunzi wa fildi katika ofisi ya masoko Unguja

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesomea masoko amepangiwa fildi ya wiki nane katika ofisi ndogo ya mjini Unguja inayotengeneza na kuuza sabuni za mwani. Wiki ya pili anakabidhiwa kazi ambayo kila mtu ofisini anaiona nyepesi: aandike barua pepe kwa mameneja wa manunuzi wa hoteli za pwani ya mashariki, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, kuwaomba wanunue sabuni ndogo za kuweka vyumbani. Barua ya kwanza ilitumwa na hakuna aliyejibu. Ya pili haikutoka ofisini. Ya tatu ndiyo iliyofungua mazungumzo na mnunuzi.

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika ofisi za aina hii. Majina hayamo, na bei na idadi za oda ni za mfano tu. Makosa yenyewe hayahitaji kubuniwa, kwani yamo katika barua nyingi zinazotoka maofisini kila siku.

Rasimu ya kwanza

Ilikuwa hivi, neno kwa neno:

«YAH: OFA KABAMBE YA SABUNI BORA KULIKO ZOTE!!!

Kwa heshima na taadhima, tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kukusalimu na kukupongeza kwa kazi kubwa unayoifanya ya kuinua utalii wa visiwa vyetu. Baada ya salamu, tunapenda kukujulisha kuwa sisi ni wazalishaji wakubwa wa sabuni za mwani. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani na kimewakomboa akina mama wengi. Sabuni zetu zinatibu chunusi, fangasi na makovu na kumpa mteja ngozi laini. Bei zetu ni nafuu sana na tunaweza kukuletea wakati wowote. Hivyo basi tunakuomba utuunge mkono kwa kununua bidhaa za nyumbani. Ni matumaini yetu kuwa ombi letu litapokelewa kwa mikono miwili.

Wako katika ujenzi wa taifa.»

Kiswahili chake hakina taabu. Tahajia ni safi, sentensi zimekamilika, adabu ipo. Mwalimu wa skuli angeipa alama nzuri, na hapo ndipo mtego ulipo, maana msimamizi wa fildi naye aliisoma kwa jicho la mwalimu wa skuli.

Isome sasa kwa jicho la meneja wa manunuzi. Huyu ana mambo manne au matano ya kuamua kabla hajamuuliza bosi wake: kipande kina uzito gani, kinauzwa bei gani, kinapatikana kwa wingi gani, kitafika lini, na nani alipie usafiri. Barua yote haikumjibu hata moja. «Nafuu sana» ni nafuu kuliko nini? «Wakati wowote» ni kesho au baada ya mfungo? Hata saizi haikutajwa, na sabuni zilizokuwa rafuni wakati ule zilikuwa za gramu 100, zile za dukani. Hoteli nyingi huweka chumbani kipande kidogo cha gramu 15 hadi 40, kwa sababu mgeni akiondoka kilichobaki hutupwa. Anayepokea ofa ya sabuni ya gramu 100 anajua mara moja kwamba aliyeandika hajawahi kumfikiria.

Sentensi ya chunusi, fangasi na makovu ilikuwa ya hatari zaidi. Sabuni ni kipodozi. Ukidai kwamba inatibu ugonjwa, machoni mwa mdhibiti umeigeuza kuwa dawa, na dawa ina usajili na ushahidi wake. Zanzibar chakula, dawa na vipodozi viko chini ya uangalizi wa ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar. Mnunuzi wa hoteli yenye mwanasheria hatajiingiza katika bidhaa ambayo karatasi yake ya kwanza tu ina dai la tiba. Mwanafunzi hakulibuni dai hilo. Alilinakili kutoka kwenye tangazo la zamani la ofisi hiyo hiyo. Hili ni la kawaida sana: mgeni wa kazi huamini kwamba kila kilichokwisha kuchapishwa kimekaguliwa.

Habari ya mwaka 1989 ni kweli, na ni nzuri, ila haikuwa na kazi pale. Mnunuzi hanunui historia. Anayeweza kuifurahia ni mgeni aliyelala chumbani, akiiona kwenye kikaratasi kilichofungia sabuni. Kwa hiyo haikufutwa, ilihamishwa. Maneno ya kikaratasi yakawa mafupi: mwani huu umelimwa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo hiki kilianza mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Hayazidi hapo.

Na ile «tunakuomba utuunge mkono»? Inamweka mnunuzi mahali pa mfadhili. Huenda akaguswa, akaagiza katoni moja kwa huruma, na asirudi tena.

Kwa nini rasimu ya pili haikusaidia

Msimamizi aliichukua karatasi akaijaza wino mwekundu. Akafuta alama za mshangao, akabadilisha «Hivyo basi» ikawa «Kwa hiyo», akaweka koma mbili, akaandika pembeni: «Ifupishe. Iwe ya kitaalamu.» Mwanafunzi akaifupisha. Rasimu ya pili ikawa na mistari sita badala ya kumi na miwili, na bado haikuwa na bei, uzito wala tarehe.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wasimamizi wengi. Upungufu wa barua ile ulikuwa wa habari, nao walikuwa wakiushona kwa sindano ya lugha. Mwanafunzi alijaza taadhima na fursa adhimu kwa sababu hakuwa na kingine cha kujazia. Alikuwa hajaingia chumba cha uzalishaji, hajazungumza na mhasibu, hajui gari la mizigo linakwenda Paje siku gani. Ukimwambia mtu wa namna hiyo afupishe, atakupa utupu mfupi zaidi.

«Lakini Bi,» alisema mwanafunzi, «nikianza moja kwa moja na bei si nitaonekana sina adabu?»

Swali hilo ni la haki, na kwa Zanzibar ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyelelewa kuuliza hali ya mzazi, watoto na shamba kabla ya kusema lililomleta, haandiki «Bei ni 1,200/=» kwenye mstari wa kwanza bila kujisikia vibaya. Jibu la msimamizi lilikuwa zuri: salamu ibaki, mstari mmoja, «Assalaam alaykum» kwa unayemjua na «Salaam» kwa usiyemjua. Kinachoondoka ni pongezi za kumsifu mtu ambaye hujawahi kukutana naye, kwa sababu anajua fika kwamba hujui kazi yake.

Kuuliza kabla ya kuandika

Mabadiliko yalianza msimamizi alipoiweka barua kando na kumpa mwanafunzi karatasi tupu. Aliambiwa aandike kila swali ambalo mnunuzi angeweza kupiga simu kuliuliza, kisha azunguke ofisini atafute jibu la kila moja, na pembeni ya jibu aandike jina la aliyemjibu. Hilo la mwisho lina maana yake: mhasibu akibadilisha bei wiki ijayo, unajua nani wa kumrudia.

Chumba cha uzalishaji kilimfundisha zaidi kuliko dawati. Sabuni hizi hutengenezwa bila kupikwa: mafuta ya nazi yanachanganywa na kostiki iliyoyeyushwa kwenye maji, unga wa mwani uliokaushwa unatiwa, mchanganyiko unamiminwa kwenye fomu (kalibu) na kukatwa siku ya pili. Baada ya hapo vipande hupangwa kwenye rafu zenye hewa kwa wiki 4 hadi 6 vikomae na kupoteza maji. Ofisi hii hukaa na wiki 6. Maneno «wakati wowote» yalikufa papo hapo. Mnunuzi akiagiza leo vipande 800 ambavyo havipo rafuni, hakuna dua itakayovileta wiki ijayo.

Mambo mengine mawili yalitoka chumba kile kile. Kwanza, kwa vile sabuni hupungua uzito inapokomaa, kipande cha gramu 25 lazima kikatwe kizito kidogo na kipimwe tena mwisho, na uzito wa kuandikwa kwenye barua na kwenye kikaratasi ni ule wa mwisho. Pili, mwani unaotumika ni wa aina ya spinosum. Kotonii, aina nyingine ambayo wanunuzi wa nje huilipia zaidi, imekuwa ikifa sana katika maji ya kina kifupi yanayopata joto. Mnunuzi wa hoteli hahitaji kujua hili, lakini muuzaji akiulizwa asibabaike.

Mhasibu alitoa bei ya 1,200/= kwa kipande cha gramu 25 na kusisitiza iandikwe wazi kwamba VAT imo. Ukiacha hilo bila kulisema, mnunuzi atadhani haimo, ataongeza mwenyewe kichwani, na bei yako itakuwa ghali bila wewe kujua. Katoni ni vipande 200, yaani 240,000/=. Dereva alisema anakwenda kusini kila Jumanne.

Halafu ikaja hesabu ambayo mwanafunzi aliifanya mwenyewe, na ndiyo iliyoipa barua uzito. Chukua hoteli ya vyumba 40. Siku ya kawaida ya msimu vyumba 28 vina watu. Ikiwekwa sabuni moja kwa kila chumba kwa siku, mwezi wa siku 30 unakula vipande 840. Katoni 4 ni vipande 800, hazitoshi, kwa hiyo ni katoni 5, sawa na 1,200,000/= kwa mwezi. Mnunuzi anaweza kuwa na vyumba 15 au 90, lakini akiona hesabu hiyo anaweka namba zake na kupata jibu bila kumpigia mtu simu.

Kalenda nayo ilibidi iangaliwe. Masika, hasa Aprili na Mei, hoteli za pwani hupungukiwa na wageni na baadhi hufunga kwa matengenezo. Wengi hudhani huo si wakati wa kuuza. Kwa sabuni inayokomaa wiki 6 ndio wakati wenyewe, kwa sababu sabuni ya oda ya Juni lazima imiminwe kwenye fomu mwezi Aprili.

Barua iliyotumwa

«Kichwa: Sabuni ya mwani ya gramu 25 kwa vyumba vya wageni: bei, na sampuli tarehe 8 Aprili

Kwa Meneja wa Manunuzi,

Salaam.

Tunatengeneza sabuni ya mwani ya gramu 25 kwa ajili ya vyumba vya hoteli, kila kipande kikiwa kimefungwa kwa karatasi. Bei ni 1,200/= kwa kipande, VAT imo. Katoni ina vipande 200 na ni 240,000/=. Tunaleta hotelini kila Jumanne kabla ya saa 5 asubuhi na hatutozi usafiri.

Hoteli yenye vyumba 28 vyenye wageni kwa siku, ikiweka kipande kimoja kila chumba kila siku, hutumia vipande 840 kwa mwezi, yaani katoni 5.

Sabuni hukomaa kwa wiki 6 kabla ya kutoka kwetu. Ukihitaji kuanza kupokea katikati ya Juni, tunaomba oda ifike kabla ya tarehe 25 Aprili.

Tungependa kukuletea vipande 4 vya kujaribu, bila malipo, Jumanne tarehe 8 Aprili asubuhi. Je, siku hiyo inakufaa? Kama manunuzi ya vyumbani yako kwa mtu mwingine, tutashukuru ukituelekeza kwake.»

Chini yake jina kamili, cheo («mwanafunzi wa fildi, kitengo cha mauzo»), na namba ya simu ya ofisi badala ya namba binafsi ya mwanafunzi, ambaye baada ya wiki nane hatakuwepo. Cheo hicho baadhi ya wasimamizi hukificha. Hakuna sababu. Mnunuzi hajali ni nani aliyeandika ilimradi simu ikipigwa inapokelewa na mtu anayejua bei.

Angalia swali la mwisho. Linajibika kwa «ndiyo» au «hapana», lina siku na tarehe. «Jumanne ijayo» isingefaa: barua inayosomwa siku ya Jumatatu na ile inayosomwa Jumatano zina Jumanne mbili tofauti.

Katika kutuma kulikuwa na kosa moja la raundi ya kwanza lililorekebishwa. Anwani zote zilikuwa zimewekwa mahali pa wazi, kila mnunuzi akawaona washindani wake kwenye orodha moja na yeye. Safari hii kila hoteli ilitumiwa barua yake peke yake, ikiwa na jina la meneja pale lilipojulikana. Ni kazi zaidi, lakini orodha ilikuwa fupi. Orodha ikiwa ndefu, tumia angalau nakala fiche (Bcc). Picha tano za simu zilizoambatanishwa mwanzo, nzito kiasi cha kuchosha intaneti ya shamba, zikabaki moja iliyopunguzwa. Na faili lililoitwa «barua mpya final 2» likabadilishwa jina likawa «Bei ya sabuni ya mwani gramu 25, Aprili».

Baadhi ya mameneja walihitaji toleo la Kiingereza, na hapo saa nusura zilete fedheha. Mwanafunzi aliandika saa 5 asubuhi kama saa tano ya Kizungu, yaani alfajiri watu wakiwa msikitini. Saa 5 asubuhi ya Kiswahili kwa Kizungu ni saa kumi na moja. Tofauti ni saa sita daima. Katika barua za lugha mbili ni salama kutumia mtindo wa saa 24, 11:00, kwenye toleo la Kiingereza, na mtu wa pili aikague saa peke yake bila kusoma kitu kingine.

Meneja mmoja alijibu akiuliza mambo mawili: karatasi ya kufungia haina plastiki ndani? Na bei itakaa mpaka Disemba? Mwanafunzi hakujibu kwa kukisia. Alirudi kwa mhasibu, akaandika mistari miwili: «Ni karatasi tupu, haina plastiki. Bei hii inasimama hadi tarehe 30 Septemba. Baada ya hapo itategemea bei ya mafuta ya nazi, na tutakujulisha mwezi mmoja kabla.» Ahadi ya Disemba ingempendeza mnunuzi na kuitia ofisi hasara.

Ujumbe wa simu uliogharimu mara tatu

Wiki hizo hizo duka la ofisi lilitaka kuwatumia wateja wake ujumbe mfupi. Mwanafunzi, sasa amekolea, aliandika:

«Sabuni ya mwani sasa 4,000/= badala ya 5,000/= hadi Jumamosi saa 12 jioni, duka letu la Ng'ambo. Ukinunua 5 unapata moja ya 25 g bure. Kusitisha jibu ONDOA.»

Ni herufi 156 pamoja na nafasi, na ujumbe mmoja wa kawaida unabeba 160. Bado kila mteja alihesabiwa kama aliyetumiwa ujumbe tatu. Lawama ilianza kuelekea kampuni ya kutuma, kumbe kosa lilikuwa ndani ya neno Ng'ambo. Maneno yaliandikwa kwanza kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo hugeuza kituo cha ng' kilichonyooka kuwa kilichopinda. Alama iliyopinda haimo katika orodha ya herufi za kawaida za ujumbe wa simu. Ikiingia hata moja, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo: kipimo kinashuka hadi herufi 70, na ukigawanywa, kila kipande kinabeba 67. Herufi 156 zinahitaji vipande 3. Kiemoji kimoja kingefanya vivyo hivyo.

Dawa yake ni kuandika moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutuma ujumbe, au kuzima ugeuzaji huo kwenye programu, kisha kujitumia mwenyewe kwanza na kutazama idadi ya vipande iliyohesabiwa. Kiswahili kina ng'ombe, ng'ambo, ng'aa na ving'ora. Anayeuza kwa Kiswahili atakutana na kituo hicho kila siku, na miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haimtahadharishi.

Kinachoingia kwenye ripoti ya chuo

Wanafunzi wengi huandika kwenye daftari la fildi «nimejifunza kuandika barua za kibiashara», na msimamizi wa chuo hana cha kupima. Kisa kama hiki kinatosha sura nzima ikiwa rasimu zote tatu zitaambatanishwa na tarehe zake, pamoja na ile karatasi ya maswali yenye majibu. Kabla ya kuambatanisha, ofisi iombwe ruhusa kwa maandishi, majina ya hoteli na ya mameneja yafutwe, na bei zifutwe au zibadilishwe, kwa sababu ripoti hukaa maktaba na mshindani naye ana mtoto chuoni. Karatasi ya maswali yenyewe ibaki ofisini, nakala safi kwenye faili la mauzo, ili mwanafunzi wa fildi atakayefuata asianze na fursa adhimu.